Mwalimu Kheri wa Darasa la Kwanza na Maiti Wake

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko. Skuli niliishia ya msingi, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa ajili ya orodha za sokoni na majina ya watoto kwenye vyeti. Herufi zangu husimama mbalimbali kama watu waliogombana, na maneno mengine sina hakika nayo. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mtakapokuta nimekosea, someni lile mnaloona nilikusudia.

Enzi zetu, sisi tuliokuwa wadogo mjini Unguja miaka ile michache baada ya Mapinduzi, hatukuwa na kitu cha kuchezea ambacho hatukukitengeneza wenyewe. Mpira wa nage tuliufunga kwa matambara na kamba ya mgomba. Mdako tuliucheza kwa kokoto tulizookota ufukweni tukachagua zilizo duara. Kibe tulijificha katika madaka ya nyumba za watu, na mwenye nyumba akitukuta alitupiga kofi moja kisha akatupa kashata. Asubuhi chuoni, mchana skuli, na baina yao ulikuwa unatumwa: kapange foleni ya mchele, kachukue mkate wa mofa, mpelekee shangazi yako bakuli hili na usilifunue. Nani kati yenu hakulifunua?

Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Si haya ya adabu ambayo wazee huisifu, ni haya ya kunizuia nisiseme hata jina langu. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nilitazama sakafu mpaka akamwuliza mwingine. Mama alikuwa akisema, "Mwanaisha huyu mdomo kautia kufuli, ufunguo kautupa baharini." Kwa hiyo michezo ya kupiga kelele haikunifaa. Mchezo mmoja tu ndio ulionifaa, na huo ndio ninaotaka kuuandika, kwa sababu sijapata kukutana na mtu mwingine aliyeucheza.

Tulikaa Sokomuhogo, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye familia tatu. Sisi tulikuwa chini. Juu yetu alikaa Zuhura na mdogo wake Idi. Juu kabisa alikaa Sele na wazazi wake. Sele alikuwa mkubwa wetu, ana miaka kama kumi na mitatu, mwembamba, mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu tangu utotoni, hivyo mpira hakucheza. Badala yake alifikiri. Masika moja mvua ilipotufungia ndani wiki nzima, Sele akaubuni mchezo wake. Aliuita Mji.

Nitaueleza jinsi ulivyokuwa. Alitandika mkeka ukumbini kwetu chini, kwa kuwa ndio uliokuwa mpana. Juu yake aliweka karatasi ya kufungia sukari, na juu ya karatasi alichora kwa mkaa mji usiokuwepo popote: njia, misikiti, visima, ngome, msitu. Sele ndiye aliyejua kilichomo ndani ya kila mlango. Sisi wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake anayetembea ndani ya mji ule. Mtu huyo uliandika jina lake kwenye karatasi ya daftari, kisha ukapewa komwe kumi na mbili, zile zile za bao, uzigawe katika vishimo vinne alivyochora Sele: Nguvu, Akili, Imani na Pumzi. Pumzi zikiisha umekufa. Ukitaka kufanya jambo gumu, ulirusha simbi tano, zile kauri ndogo nyeupe. Zilizolala chali zilihesabika kuwa nawe. Zilizolala kifudifudi zilikuwa dhidi yako.

Na kila mtu alianza darasa la kwanza. Sele alilishika sana hilo. "Hakuna kuingia mjini ukiwa bingwa," alisema. "Mtu wa darasa la kwanza hajui kitu. Panga lake butu, dua yake fupi. Akifaulu mambo, nitampandisha."

Zuhura alikuwa na maneno mengi kuliko nywele. Yeye alijifanya Malkia, komwe tano katika Nguvu, tano katika Pumzi, moja katika Akili na moja katika Imani.

"Malkia gani ana akili moja?" Sele alimwuliza.

"Atakuwa na mawaziri. Weye andika tu."

Idi, ambaye hakuwa amefika miaka minane, alijifanya mwizi wa halua. Komwe kumi akazitia katika Pumzi ili asife, moja Nguvu, moja Akili, Imani hana. "Mwizi atakuwaje na imani?" alisema.

Mimi nilichukua siku tatu kumtengeneza wangu. Wenzangu walishaanza kutembea mjini, wameshapigana na nyani na kuiba sahani ya halua, mimi bado nimekaa na komwe zangu mkononi. Zuhura akanikejeli, "Huyu anamjenga mtu au anajenga msikiti?" Lakini Sele hakuniharakisha. Na mimi nilijua ninalolitaka. Nilichokuwa sina ni namna ya kulisema.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, nimtaje bibi yangu, mama yake mama. Bibi alikuwa mtu wa Chwaka, akaja kukaa nasi mjini alipofiwa. Alinuka karafuu na mafuta ya nazi. Alinifundisha kusuka ukili, kuchambua mchele kwa macho nusu yamefumba, na kutokula embe mbichi bila chumvi. Na alinifundisha jambo ambalo wengi wenu najua mlifundishwa. "Jua la utosi," alisema, "ukisikia unaitwa na humwoni akuitaye, usiitike. Ngoja uitwe mara ya pili, ngoja na ya tatu. Mtu huita tena. Shetani huita mara moja." Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba bahari ina chumvi.

Siku moja mwezi mmoja kabla ya masika yale, saa sita mchana, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nacheza mdako peke yangu. Nikasikia kutoka ndani, upande wa ushoroba wenye giza, "Mwanaisha." Sauti ndogo, haikuwa na nguvu. Nikatazama, sikuona mtu. Nikaishika kokoto yangu, nikangoja mara ya pili. Haikuja. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, nimenusurika, nikaendelea kucheza. Nilicheza mpaka mwisho na nikashinda, maana nilikuwa peke yangu.

Mchana ule ule Bibi alikutwa ameanguka ushorobani, karibu na mtungi wa maji. Hakusema tena. Baada ya siku mbili, wakati wa alasiri, alifariki. Walimpeleka Chwaka kumzika, na wanaume ndio waliokwenda makaburini, kama ilivyo desturi. Sisi tulibaki nyumbani tukapika maandazi ya watu wa matanga. Sikumwambia mtu yeyote kwamba niliitwa. Wala Mama. Wala shangazi zangu. Nililala nalo na kuamka nalo. Watu walisema, "Mtoto huyu mkimya, hata msiba haumtoi neno."

Sele alikwenda mazikoni pamoja na baba yake. Aliporudi alitueleza alichokiona. Alisema kaburi lilipokwisha kufukiwa, watu waliondoka, mwalimu mmoja akabaki amekaa upande wa kichwani, akaanza kuzungumza na maiti. Akamwita kwa jina lake na jina la mama yake. Akamfundisha atakayoulizwa na malaika na namna ya kujibu. Hiyo ndiyo talqini. Mimi kabla ya hapo nilijua neno tu, sikujua linafanywaje.

"Na maiti anasikia?" Idi aliuliza.

"Mwalimu anasema anasikia."

"Na anaitika?"

"Mimi sikumsikia," Sele alisema. Alikuwa mkweli daima.

Sasa mtaelewa kwa nini nilipopewa komwe kumi na mbili sikutaka malkia wala mwizi. Siku ya tatu nilimpa Sele karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika polepole, kwa penseli: Mwalimu Kheri. Kazi, kusoma talqini. Darasa la kwanza. Nguvu moja, Akili tatu, Imani tano, Pumzi tatu. Na chini yake: Amefungamana na maiti mmoja, bibi mzee, ambaye hajalala kwa sababu aliita hakuitikiwa.

Zuhura aliisoma juu ya bega la Sele akaguta. "Loo! Mwanaisha na maiti! Huyu ndiye aliyenyamaza siku tatu kumbe anachimba kaburi! Halafu, mwanamke na talqini wapi na wapi?"

"Mwalimu Kheri mwanamume," nilisema.

"Mtume! Kasema!"

Idi alisogea mbali nami kwenye mkeka. "Maiti huyo anauma?"

"Hawaumi," nilisema.

Sele aliizungusha simbi moja kidoleni. Kisha akasema mtu wangu anakubalika, lakini mtu wa darasa la kwanza hawezi kuwa na maiti wa bure. Lazima pawe na kifungo. Akaweka sheria. Maiti anaweza kupita ukutani, anaweza kuteremka penye kina, anaweza kufungua palipofungwa, na kazi anayotumwa ataitimiza. Lakini kila atakapotumwa, Mwalimu Kheri atatoa Pumzi moja, na kazi ikikaribia kwisha nitarusha simbi zote tano. Zikilala kifudifudi zote, maiti atarudi kaburini akalale, wala hatatoka tena.

"Unakubali?"

Nilikubali. Lakini moyoni nilikwisha kuamua sitamtuma kamwe. Sikumtaka anifungulie milango. Nilimtaka aniite. Nilifikiri tukikaa mjini humo muda wa kutosha, siku moja Sele atasema maiti anakuita, na ataita mara ya pili na ya tatu kama watu waitavyo, na mimi nitaitika. Hilo ndilo tu nililokuwa nikilingojea. Kumwambia Sele aseme hivyo kusingekuwa na maana. Lazima litoke kwake mwenyewe.

Basi mvua ilinyesha na sisi tukatembea katika Mji. Maji yalipita uchochoroni kwa kishindo, yakachukua makombo na viatu vya watu. Mama alikuwa jikoni, moshi wa makumbi ukiingia ukumbini mpaka macho yanatoka machozi, na harufu ya muhogo wa nazi. Mchele siku nyingi haukuwepo, basi tulikula muhogo, tukala ndizi mbichi, tukala mashelisheli, na kusema kweli sikumbuki kusikia njaa. Nakumbuka simbi zikigonga mkeka. Nakumbuka Malkia wa Zuhura akikata kichwa kila kinachotikisika, kikiwemo kichwa cha punda aliyekuwa akitusaidia.

Maiti wangu alitembea nyuma ya Mwalimu Kheri, hafanyi kitu. Tulipokutana na lango lililofungwa, Zuhura alisema, "Mtume maiti wako." Nikatikisa kichwa. Tulipozungukwa na mbwa, "Mtume maiti!" Nikatikisa kichwa. Malkia akapoteza Pumzi mbili kwa mbwa wale, na Zuhura hakunisemesha mpaka siku ya pili.

"Una maiti kama pambo," aliniambia aliponisemesha. "Kamtie ubani umweke ukutani."

Hata Mama aliusikia mchezo ule. Alipita na sufuria akasimama. "Nyie mnacheza nini? Maiti hachezewi." Sele akamwambia kwa adabu ni hadithi tu, Bi Mkubwa, maiti wa hadithi. Mama akanitazama mimi, akaitazama karatasi yangu ingawa kusoma hakujua, akasema, "Hadithi haina maiti wengine? Nyumba hii juzi tu imetoka matanga." Kisha akarudi jikoni. Niliogopa ataukataza. Hakuukataza. Ila kuanzia siku hiyo alikuna nazi yake karibu na mlango, si pembeni kule alikozoea.

Siku ya mwisho ya mvua ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Idi alikuwa ametangulia peke yake katika ua wa ngome, kwa kuwa Sele alisema kuna harufu ya halua. Mwizi wa halua akakanyaga ubao, ubao ukavunjika, akatumbukia kisimani. Akarusha simbi, moja tu chali. Akapoteza Pumzi. Akajaribu kupanda, akapoteza nyingine. Ziwa la Pumzi kumi alilokuwa akijivunia lilikuwa limeshakauka siku za nyuma kwa wizi wake, akabaki na moja. Malkia hakuwa na kamba. Mwalimu Kheri alikuwa na fimbo na tasbihi.

"Maji yanapanda," Sele alisema. "Yamefika kidevuni."

Idi alianza kulia kweli. Mtoto wa miaka saba, mtu wake anazama, na ameishi naye wiki nzima. Alinitazama mimi. Hakusema maiti wala nini, alinitazama tu, kamasi zinamtoka.

Zuhura naye mara hii hakukejeli. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanaisha. Tafadhali. Mtume."

Nikafikiri: nikimtuma, huenda akaondoka bila ya kuniita. Nisipomtuma, Idi atakufa, na nitakuwa tena nimekaa penye ngazi na kokoto zangu wakati mtu ananihitaji. Niliwaza hivyo hivyo, si kwa maneno mazuri kama haya, lakini ndivyo nilivyowaza. Nikachukua komwe moja katika kishimo changu cha Pumzi nikampa Sele.

Sele akaipokea. Akaanza kusimulia. Maiti anapita mbele ya Mwalimu Kheri, hana kivuli. Anafika kisimani. Anateremka, mkono mmoja kwenye jiwe, mkono mmoja kwenye jiwe. Anamshika mwizi wa halua kwapani. Anampandisha. Lakini mawe yanateleza na maiti ni mzee. Anahitaji mtu wa juu ampe mkono. Anainua kichwa.

"Anakuita," Sele alisema. Na akaita, kwa sauti ndogo isiyo na nguvu, "Kheri."

Sikuweza kusogea. Nilikuwa nangoja ya pili.

"Itika basi!" Zuhura alisema.

"Asiitike!" Idi alisema, huku bado analia. "Mpaka mara ya tatu! Shetani huita mara moja!"

"Itika weye, unazama halafu unamkataza!"

Nikamtazama Sele. Nikamwuliza, "Haiti tena?"

Sele akafikiri. Naapa hakujua alilokuwa akilisema. Alikuwa anafikiria sheria za mchezo wake tu, mzee, kisima, maji, uzito wa mwizi. "Hapana," alisema. "Haiti tena. Si kwamba hataki. Pumzi yake inatosha mara moja tu."

Nikasema, "Naam, Bibi."

Nilisema kwa nguvu mpaka paka alitoka chini ya kochi. Nikasema tena, "Naam, Bibi, nipo hapa," kisha nikalia, na nikaona nasema yote, ngazi, mdako, jua la utosi, sauti ya ushorobani, nikiyatoa bila mpangilio mbele ya watoto watatu waliokuwa na midomo wazi. Kwangu yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwaka mzima.

Sauti ya mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imesimama. Mama alikuwa mlangoni, mikono yake myeupe kwa chicha. Nilifikiri atanipiga. Akaja akakaa mkekani, juu ya kona ya msitu wa Sele, akanivuta.

"Hata mie nilimsikia," alisema.

Hatukuelewa.

"Nilikuwa nakuna nazi kama hivi. Nilimsikia akikuita. Nikasema moyoni, mtoto yuko karibu, atamwitika. Nikaendelea kukuna." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Weye ulikuwa mtoto, ukashika ulilofundishwa. Mie kukaa nisende nimefundishwa na nani?"

Nilikuwa sijapata kumwona mama yangu akilia ila siku ya msiba, na siku ya msiba kila mtu hulia. Hii ilikuwa Ijumaa ya kawaida na nazi haijakamuliwa. Tulikaa hivyo. Zuhura aliitazama dari. Sele alikuwa ameinamisha kichwa, anaona aibu kama aliyevunja sahani ya watu.

Kisha Idi akasema, "Na mie? Mie bado nimo kisimani."

Mama akacheka. Alicheka huku analia, akasema, "Haya, mtoeni mtoto wa watu kisimani, mama yake atakuja kumwulizia."

Nikazichukua simbi tano. Nikazirusha. Zikagonga mkeka, zikazunguka, na zikalala kifudifudi zote. Zote tano. Hatukupata kuliona hilo hata siku moja kabla, na tulirusha mara nyingi sana.

Mwizi wa halua alikuwa ameokoka, hiyo ndiyo sheria, kazi imetimia. Lakini maiti anaondoka.

Zuhura ndiye aliyesema wa kwanza. "Hii moja imegonga goti langu. Haihesabiki. Rusha tena."

Sele akaniangalia. "Ukitaka, rusha tena. Ukumbi mdogo, simbi zinagonga watu."

Walikuwa wakinionea huruma, na mpaka leo nawapenda kwa uwongo ule. Lakini nilisema, "Hapana. Mwacheni alale." Mama akanibana mkono.

Sele akachukua kitambaa akaufuta mkaa kidogo pembezoni mwa msitu, akachora alama ndogo ya kaburi. Akasema Mwalimu Kheri amefaulu, amepanda darasa la pili. Jua lilitoka siku ya pili, tukarudi kwenye nage. Tulicheza Mji mara chache tena masika mengine, na Mwalimu Kheri bila maiti wake alikuwa mtu wa kuchosha, akiwaombea wenzake dua na kupigwa na mbwa. Miaka ya sabini ilipoanza, wazazi wa Sele walihamia bara. Alichukua simbi na karatasi ya mji. Sikumpata tena.

Sasa nije kwenye siku hizi. Mjukuu wangu Nasra, anayesoma sekondari, ana wenzake wanaokuja kwangu Jang'ombe wakakaa mezani na kitabu kinene kuliko msahafu. Wana dadu za kila umbo, moja ina nyuso ishirini. Niliwatazama siku moja wakitengeneza watu wao, na wakafanya hesabu kama watu wa benki. Siku tatu walifanya hesabu. Siku ya nne wawili hawakuja, mmoja alikuja bila chaji ya simu akaondoka kuitafuta, na Nasra akabaki na dadu zake. Enzi zetu mtu asipokuja tulikuwa tunamfuata kitandani.

Nilimwuliza mtu wake ni nani. Akaniambia, "Bibi, ni kama sheikh hivi, bado wa ngazi ya chini. Ana mfu anayemfuata na kumpigania." Nilitua kikombe cha chai. Nikamwuliza mfu huyo jina lake nani, na nini kimemzuia asilale. Nasra akaitazama karatasi yake, ina mistari mingi na namba ndogo ndogo nadhifu, akasema, "Hana jina, Bibi. Ni mfu tu. Imeandikwa ana nguvu kumi na tatu."

Simlaumu. Nyumba zetu zilikuwa zimejaa wazee, na walikufa humo humo ndani, karibu na mitungi yetu, tukiwasikia. Nasra bibi yake mzaa baba alifia hospitali ya mbali, akaletwa amekwisha kufungwa sandani. Watoto wa leo wana sauti za watu kwenye simu, wanaweza kuzirudia mara mia. Sisi sauti ilikuja mara moja. Sijui lipi bora. Najua tu kwamba sisi kila mfu wetu tulimjua kwa jina lake na jina la mama yake, na tulijua alitaka nini, hata kama tulichelewa kumwitika.

Nilimwambia Nasra ampe mfu wake jina. Alinikodolea macho, kisha akachukua penseli akaniuliza bibi yangu aliitwa nani. Nikamwambia. Aliandika polepole, akauliza kama mwishoni ni herufi 'a' moja au mbili.

Nanyi wenzangu wa rika langu mliosoma mpaka hapa, naomba mniandikie. Kama mliucheza Mji, au mnamjua Sele aliyekuwa na mguu dhaifu pale Sokomuhogo, nielezeni. Na kama yupo mtu aliyewahi kuwaita na hamkuwahi kumwitika, msiogope kuandika. Barua ndefu si lazima. Jina lake na jina la mama yake yanatosha, nami nitayasoma kwa sauti.